Vibanio 212 vya Eija Ruuskanen

Ijumaa ya leo, tarehe 31 Oktoba 2025, saa nane mchana, Eija Ruuskanen anarudisha kadi yake ya mlango pale mapokezi na kustaafu baada ya kuitumikia Tuvanvahti kwa miaka thelathini na saba na miezi miwili. Aliajiriwa tarehe mosi Septemba 1988, wakati kampuni ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu hapa Kuopio na wafanyakazi wake wote walienea kwenye gari moja. Wengi wetu tunaongoja keki leo hatukuwa hata tumeanza shule.

Desturi ya nyumba hii mnaijua. Anayestaafu humchagua mwenyewe mtu wa kumwandikia wasifu, na wasifu husomwa kwa sauti kabla kisu hakijagusa keki. Eija alinichagua mimi, Jarkko Salokangas. Mkurugenzi wetu, Vesa Rytkönen, aliposikia alinipiga begani akasema, "Andika ya kuchekesha, bwana. Watu wasije wakailowesha keki kwa machozi." Nimejaribu, Vesa. Ya kuchekesha yapo, na ndiyo nitakayoanza nayo, kwa sababu anayastahili na kwa sababu mimi ni mwoga.

Eija hakuwahi kuvaa viatu ofisini. Alivivua mlangoni siku ya kwanza, na tangu hapo ametembea humu kwa soksi za sufu alizozifuma mwenyewe, kimya kama paka, hata tukawa tunashtuka kumkuta nyuma ya viti vyetu akisoma kilichoko kwenye skrini. Hakuwa na salamu. Aliuliza tu, "Na hiki nacho kinafanya nini hapa?" Ukijibu kwa kujiamini, alikwenda zake. Ukijibu kwa kusitasita, alivuta kiti, na hapo chakula chako cha mchana ukakisahau.

Kila tarehe mosi Septemba alituletea kalakukko, ule mkate wetu uliofungwa samaki ndani, aliouoka mwenyewe usiku kucha. Aliukata juu ya meza ya mikutano kwa msumeno mdogo wa kukatia mbao, akidai hakuna kisu cha ofisi kinachouweza. Mwaka mmoja mteja kutoka Stockholm aliuliza kwa adabu kama samaki wametolewa miiba. Eija akamjibu, "Wewe kula tu. Ukikabwa, bonyeza kitufe, tutakuja." Mkataba ulisainiwa siku hiyohiyo.

Maana hiyo ndiyo kazi yetu, kwa wageni waliopo hapa leo na familia zao. Mzee anayeishi peke yake huvaa kitufe chetu mkononi. Akianguka, anabonyeza. Programu yetu inamtambua ni nani, inamtafuta muuguzi aliye karibu, inamtumia muuguzi huyo anwani na namba ya kufungulia mlango, kisha inawasha taa ya kijani kwenye kitufe cha mzee ili ajue kwamba msaada uko njiani. Moyo wa programu hiyo uliandikwa na Eija mwaka 1993, peke yake, kwa majira moja ya baridi, na uliendelea kudunda kwa robo karne.

Sasa niwaeleze jinsi moyo huo ulivyojengwa, maana bila hilo wasifu huu hauna maana. Eija aliweka katikati ya programu mahali pamoja pa kuandikia jina la mteja anayehudumiwa wakati huo. Sisi tulipaita Ubao. Kipande chochote cha programu kilichotaka kujua mteja ni nani kilikwenda kuchungulia Ubaoni: anayetafuta muuguzi alichungulia, anayetuma anwani alichungulia, anayefungua mlango alichungulia. Msimbo wa programu wa namna hiyo huitwa tuli, kwa kuwa umekaa mahali pamoja na kila mtu anaujua ulipo. Mwaka 1993 haukuwa na kasoro yoyote. Kila mji ulikuwa na kompyuta yake chini ya meza ya mapokezi, na kompyuta hiyo ilimhudumia mteja mmoja, ikamaliza, ikamgeukia mwingine. Ubao mmoja, karani mmoja, jina moja. Nani angegombania chaki?

Juu ya Ubao huo Eija aliandika onyo, kwa Kifini, kwa watakaokuja. Nitalinukuu lote, kwa sababu watu wengi wameambiwa halikuwahi kuwepo: "Hapa anakaa mteja mmoja tu. Mashine moja, mji mmoja, mteja mmoja. Ukitaka kuwaweka wawili, simama, njoo unione kwanza. E.R., 9.3.1993."

Mimi niliingia hapa mwaka 2009 kutoka Turku, pwani ya magharibi, ambako mtu akikwambia ndiyo anamaanisha ndiyo. Savo, jimbo hili letu, haiko hivyo. Huku husemwa kwamba Msavo akifungua kinywa, jukumu linahamia kwa msikilizaji. Nilipomuuliza Eija wiki yangu ya kwanza kama programu yake ni imara, alisema, "Inaweza kuwa imara, na inaweza isiwe, lakini imesimama." Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Nilidhani ni mzaha tu wa watu wa huku. Sikujua kwamba ndivyo wanavyokukabidhi kitu.

Mwaka 2018 kampuni iliamua kuhamia kwenye wingu. Badala ya kompyuta arobaini chini ya meza arobaini, programu moja kubwa ingewahudumia wazee wa miji yote kwa wakati mmoja, kwenye mashine za kukodi ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuziona. Mimi niliongoza uhamisho. Eija alikuwa nyumbani miezi mitatu na goti lililopasuliwa. Wakati huohuo ilitoka amri kwamba maelezo yote yaliyomo ndani ya msimbo yawe ya Kiingereza, kwa kuwa tulitazamia wenzetu wapya kutoka nchi nyingine. Niliagizwa kuyatafsiri ya Kifini. Yalikuwa mistari elfu moja mia nne na kumi na sita, mengine ya utani, mengine ya kulaani printa zilizokufa zamani. Niliyatazama kwa dakika kumi hivi, nikachoka, nikayafuta yote kwa amri moja. Kwenye sanduku la kueleza sababu ya badiliko niliandika neno moja: Usafi.

Wiki mbili kabla ya kuwasha mfumo mpya nilimpigia Eija simu kumjulia hali. Akasema, "Mle ndani kuna vitu vya zamani, Jarkko. Huenda vikasumbua, huenda visisumbue."

"Mama, wewe uguza goti lako," nikamwambia. "Tumejaribu kila kitu."

Na kweli tulijaribu. Majaribio yote yalipita, mia kwa mia, kijani kuanzia juu hadi chini. Tulikuwa tumemjaribu mteja mmoja mmoja.

Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2019, saa saba na dakika arobaini na mbili mchana, mzee Taavetti Hyvärinen wa Nilsiä, mwenye miaka themanini na minne, alitoka kuchukua kuni akateleza kwenye ngazi za barazani. Nyonga ilivunjika. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Alibonyeza kitufe. Sekunde hiyohiyo, huko Iisalmi, bibi mmoja aitwaye Lempi alihisi kizunguzungu jikoni kwake akabonyeza chake. Jina la Taavetti liliandikwa Ubaoni, na kabla halijasomwa, jina la Lempi likaandikwa juu yake. Programu ilituma wauguzi wawili, kama ilivyopaswa. Iliwatuma wote kwa Lempi.

Wauguzi hao walikutana uani. Walituhadithia baadaye, mmoja akilia.

"Kumbe na wewe umeitwa?"

"Nimeitwa. Bi Lempi, leo umeamua kutualika sote?"

"Ingieni, wanangu, ingieni. Kahawa iko tayari, na msivue makoti kama mna haraka."

Walikunywa kahawa. Kizunguzungu kilikuwa cha kutokula, wakamkaangia mayai. Kila mmoja alifunga mwito wake kwenye simu yake, na programu ikaandika kwamba wateja wote wawili wamefikiwa. Mzee Taavetti alibonyeza kitufe mara kumi na moja zaidi. Programu ilidhani anarudia mwito uleule, na kila mara iliwasha ile taa ya kijani kumwambia msaada uko njiani. Binti yake, Kaisu, alimkuta saa kumi na moja jioni alipotoka kazini, mkono umegandia kwenye kitufe.

Sijapata namna ya kuendelea na aya inayofuata bila kuruka mstari, kwa hiyo nimeuruka.

Tume ya uchunguzi ilikaa katika ukumbi wetu wa mikutano tarehe nne Februari. Walikuwa na chombo kinachoonyesha kila mstari wa msimbo uliandikwa na nani na lini. Waliinyooshea kidole mistari ya Ubao, na kando ya kila mmoja lilikuwa jina lile lile: Ruuskanen, 1993. Mwenyekiti wa tume alimuuliza Eija swali moja tu la maana. Je, aliacha onyo lolote kwa watakaotumia msimbo huu baada yake?

Eija alikuwa amekuja kwa magongo. "Ningeapa kwamba niliandika," akasema. "Lakini nimeangalia, halipo. Basi sikuandika."

Mimi nilikuwa viti vitatu kutoka kwake. Nilitazama jagi la maji. Neno "Usafi" lilinijia kichwani papo hapo, na kesho yake asubuhi nilifungua kumbukumbu za mabadiliko nikaliona onyo lake, mstari wa mia tisa na kitu kati ya ile elfu moja mia nne na kumi na sita, na jina langu kando yake kama mfutaji. Nilifunga. Nilijiambia nitasema wiki ile ikiisha. Kisha nikajiambia nitasema ripoti ikitoka. Ripoti ikatoka mwezi Aprili, ikisema kwamba mhandisi mkuu alijenga mfumo hatari bila kuacha tahadhari. Gazeti la hapa likaandika jina lake. Nikajiambia sasa nimechelewa, maana uongo una tabia hiyo, unaota mizizi mchana kweupe huku umeutazama.

Eija alivuliwa uhandisi mkuu. Cheo hicho nilipewa mimi, na nikakichukua.

Watu wa soko la hapa mjini, waliokuwa wakimwekea samaki wake wa Ijumaa, waliacha kumwekea. Hakulalamika. Aliingia kwa Vesa na soksi zake akasema, "Niacheni niubomoe mwenyewe. Nilioujenga naujua unapouma." Vesa alidhani ni kazi ya miaka miwili. Imechukua sita na ushei, na ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo mtu mmoja amewahi kuzifanya katika kampuni hii, na haina hata picha moja ukutani.

Kwanza alihesabu mahali pote ambapo programu ilikwenda kuchungulia Ubaoni. Palikuwa mia mbili na kumi na mbili. Alifunga kamba ya kuanikia nguo juu ya meza yake, kutoka dirishani hadi kwenye kabati, akabana juu yake vibanio vya mbao mia mbili na kumi na viwili. Kila alipomaliza mahali pamoja, alitoa kibanio kimoja akakitupa kwenye kopo la kahawa. Vesa alimtania mwaka wa pili, "Eija, hizo nguo hazijakauka tu?" Akajibiwa, "Kwa baridi ya huku, nani kakwambia zinakauka upesi?"

Kanuni yake ilikuwa moja, na vijana wote waliopita mikononi mwake wanaikariri: usijichukulie, ngoja ukabidhiwe. Anayetafuta muuguzi haruhusiwi tena kwenda kuchungulia popote. Amefanywa huduma inayojitegemea, yenye mlango wake, na kila anapoitwa anakabidhiwa mlangoni vyote anavyohitaji: mteja huyu, ramani hii, saa hii. Akimaliza, anavirudisha. Jirani yake akihudumia mteja mwingine sekunde hiyohiyo, hawakutani wala hawajuani. Vivyo hivyo anayetuma anwani, vivyo hivyo anayefungua mlango. Na kwa kuwa kila kitu kinakabidhiwa kutoka nje, siku ya majaribio unaweza kukikabidhi mteja wa uongo na saa ya uongo, au wateja elfu kwa mpigo, ukaona kama kuna jina litakaloingia pasipo pake. Eija aliandika jaribio hilo kabla ya mengine yote. Alilipa jina la tarehe tu, 17 Januari, na lilianguka kila siku kwa miaka sita, mbele ya macho yetu, jekundu, mpaka kibanio cha mwisho. Tulimwomba alizime kwa kuwa lilikuwa likiwakatisha tamaa vijana. Alikataa.

Siyo kwamba tulikaa miaka sita na hatari ileile. Wiki ya kwanza baada ya msiba tulirudisha kompyuta za miji, kila mji na yake, kisha tukawa tunahamisha kipande kwa kipande kadiri Eija alivyokuwa akikikamilisha. Mwezi Julai mwaka huu dhoruba ilikata umeme kuanzia Varkaus hadi Kajaani, na kwa dakika kumi wazee mia tatu na arobaini walibonyeza vitufe vyao. Wauguzi walikwenda kwenye nyumba mia tatu na arobaini. Hakuna uga hata mmoja uliopata magari mawili. Tulipiga makofi chumba kizima, na Eija akasema makofi yangoje, bado ana kibanio kimoja.

Hapa kwetu badiliko haliingii kwenye mfumo kabla mtu wa pili hajalisoma na kuliidhinisha. Timu ina watu kumi. Mabadiliko yote ya Eija, kuanzia la kwanza, aliyatuma kwangu. Nilidhani anaheshimu cheo. Nyakati nyingine nilidhani ni kejeli ndogo ya Kisavo, kumfanya mrithi asome kila herufi ya mwenye nyumba. Niliyasoma, nikaidhinisha, naye alisimama nyuma ya kiti changu kwa soksi zake mpaka nimemaliza, akikawia kidogo kila mara kama mtu aliyesahau jambo. Kisha akaenda kutoa kibanio.

Jumanne ya tarehe 14 mwezi huu alinitumia la mwisho. Lilikuwa la kurekebisha mahali pa mwisho na kuufuta Ubao wenyewe, maana hakuna tena ambaye angeuchungulia. Lakini alikuwa amelifanya kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza hakufuta kitu. Alirudisha juu ya Ubao mistari ile ya Kifini, neno kwa neno, pamoja na herufi zake na tarehe yake ya 1993. Katika hatua ya pili alifuta Ubao na onyo lake kwa pamoja. Kwenye sanduku la sababu, nilikoandika mimi "Usafi", yeye aliandika: "Onyo halihitajiki tena."

Nilikaa na kitufe cha kuidhinisha siku tatu. Sikula vizuri, na mke wangu aliniuliza kama nimeachishwa kazi. Ijumaa nilikibonyeza. Jaribio la tarehe 17 Januari likageuka kijani kwa mara ya kwanza, na mimi nikaenda kumtafuta Eija. Nilimkuta kwenye mashine ya kahawa.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Februari ile. Wiki moja baada ya tume."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilichimba shimo mlangoni, nikabandika karatasi ya kuonya watu, na wewe ukaibandua? Shimo ni langu, Jarkko. Kazi inayosubiri mtu asome karatasi ndipo isiue, hiyo ni kazi mbovu, hata kama karatasi ipo."

"Lakini niliibandua mimi. Na niliketi pale nikanyamaza, wakakuvua cheo wakanipa mimi."

"Hilo la kunyamaza ni lako peke yako. Sikusaidii kulibeba."

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unangoja niseme?"

Alimimina maziwa kwenye kahawa yake, taratibu, hakuniangalia. "Mara mia mbili na kumi na mbili," akasema.

Nililia pale pale, mbele ya mashine ya kahawa, na fundi wa viyoyozi aliyekuwa akipita na ngazi yake akageuka na kurudi alikotoka. Eija hakunibembeleza. Alinisogezea karatasi za kufutia meza. Nikamwambia kwamba nitayaandika haya katika wasifu wake, na kama hataki aseme sasa. Akanywa kahawa yake. "Andika utakavyo," akasema. "Huku jukumu ni la msikilizaji."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Nilsiä kwa Kaisu Hyvärinen, kwa sababu sikutaka aje aisikie habari hii mitaani. Alinikaribisha ndani, nikaeleza yote. Halafu akasema, "Huyo Eija wenu alishakuja hapa, Februari ileile. Alikaa hapo hapo ulipokaa wewe, na magongo yake. Akasema ni yeye. Hakukutaja."

"Nilikuwa nimejificha nyuma yake," nikasema.

"Sawa. Sasa mmekuwa wawili," akasema Kaisu. "Baba yangu bado ni mmoja."

Alinifungulia mlango. Ngazi za barazani zilikuwa zimebadilishwa, za mbao mpya, zenye mikono ya kushikia pande zote mbili. Niliteremka nikiwa nimeishika.

Jumatatu nilimweleza Vesa. Barua ya kusahihisha ripoti imekwenda kwa waliounda tume, na nakala imekwenda kwa gazeti lililomtaja Eija. Imesainiwa na mimi, na ukurasa wa kumbukumbu wenye jina langu umeambatishwa. Uhandisi mkuu nimeuacha. Vesa hajaamua kama nitabaki hapa kwa kazi yoyote, na ni haki yake kuamua. Aliisoma karatasi hii jana, akaiweka mezani, akasema, "Nilikwambia ya kuchekesha." Kisha akasema isomwe kama ilivyo, bila kupunguzwa neno.

Eija, nimekuzungumzia kama mtu asiyekuwepo, kwa kuwa ndivyo wasifu unavyoandikwa, lakini uko mstari wa mbele na najua umevaa soksi zipi. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tuvanvahti, nakushukuru kwa miaka thelathini na saba. Wapo wazee wanaotembea leo kwenye nyumba mia tatu na arobaini, ambao hawatajua kamwe jina lako, na wewe ungependelea iwe hivyo. Goti lako likupeleke ziwani kila asubuhi. Watu wa sokoni wakuwekee samaki wako wa Ijumaa, na wakikuwekea wakuombe radhi kwanza. Siku zako zote zilizobaki ziwe njema kuliko tulivyokutendea humu ndani.

Mimi si Msavo. Nikisema jambo, jukumu haliwahamii waliosikia, linabaki kwangu.

Kazi ya Eija iliisha tarehe 17, lakini atakayepita leo karibu na meza yake ataona kwamba kibanio kimoja bado kimebana kwenye kamba. Nilidhani amekisahau, mpaka nilipokumbuka kwamba Eija hasahau kitu. Nikimaliza kusoma sentensi hii nitakwenda kukitoa, mbele yenu, na ndipo tukate keki.